Kopo la Vifungo Juu ya Sinki

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa pili wa fundi viatu na mkewe. Alisoma hadi darasa la saba, kisha shangazi yake akamfundisha kushona. Mwaka 1976 alipata cherehani ambayo hadi leo iko chumba cha mbele, imefunikwa shuka. Hakuna kati yetu aliyethubutu kuifunua.

Alishona sare za shule, nguo za maharusi na mapazia ya nusu ya mtaa huu. Hakutupa kitu. Kifungo kilichong'oka kiliingia kwenye kopo la bati juu ya sinki, na humo humo aliweka vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kila mgonjwa alipopata nafuu. "Homa imeshuka, vingine vya nini? Akiba haiozi," alisema.

Mwaka 1981 aliolewa na baba yetu, dereva wa lori, aliyependa kumtania: "Mke wangu, iko siku utanishonea kidonge badala ya kifungo." Mama alimjibu, "Na siku hiyo hutakohoa." Jirani akija na jino linalouma, mtoto akija na kikohozi, mama alitikisa kopo, akachagua viwili vitatu, akatoa na maji. Hakuna aliyeondoka mikono mitupu. Mtaa ulimpenda kwa hilo, nasi tulijivunia.

Februari mwaka huu sindano ya cherehani ilimchoma kidole. Haikuwa mara ya kwanza. Alikiosha pale kwenye sinki, akameza vidonge viwili, akarudi kazini. Mkono ukavimba hadi kiwiko. Hospitalini walibadilisha dawa, wakabadilisha tena, mwishowe daktari akatuita kando. "Vijidudu vya kidonda hiki vimezoea dawa," alisema. "Dozi ikikatizwa, vilivyo dhaifu hufa. Vilivyo sugu hubaki, vikazaana." Mtaalamu wa maabara alikuja nyumbani, akapitisha pamba kwenye bomba, sifongo ya vyombo na gurudumu la cherehani. Vijidudu vile vile vilikuwapo kote. Tulikuwa tunaishi navyo kama wapangaji tusiowajua sura, wasiopiga hodi.

Tulipomweleza mama, aliuliza, "Na yule mtoto wa jirani aliyeumwa sikio, mimi nilimpa nini?" Akamwambia dada yetu, "Mwanangu, kopo lisirudi pale. Atakayeliulizia, mpelekeni akapimwe, na dozi aimalize hata akijiona mzima." Alifariki tarehe 3 Aprili, baba akiwa ameushika ule mkono mwingine.

Juzi, watu wakiwa wamejaa sebuleni, jirani huyo alimvuta dada pembeni. Jirani ameniruhusu niliseme hili. "Shoga, pole. Lile kopo mmeliweka wapi? Sikio la mwanangu limerudi." Dada alimshika mkono, wakaenda na mtoto zahanati. Majibu ya maabara bado tunayasubiri.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, na vijidudu vilivyobaki ndani ya nyumba yake, ambavyo hakuna awezaye kuvihesabu. Vidonge tumevikabidhi duka la dawa. Kopo sasa lina vifungo tu. Mtakaorudi nyumbani baada ya mazishi, tafadhali naweni kwenye ndoo iliyo nje. Sinki tumelifunga.

Mama yetu apumzike kwa amani, na sikio la mtoto lipone.