Vigingi Vyeupe na Choo cha Baba Yenu

Sogeeni karibu, wanangu, na mwenye simu aizime, maana pumzi niliyobaki nayo haiwezi kushindana na kelele zenu. Wewe Fundi, kifungua mimba wangu, acha kunitazama kana kwamba unanipima nguo. Wewe Mwalimu, leo hufundishi, unafundishwa, kalia hiyo ndoo. Na wewe Dereva, kitinda mimba wangu, njoo hapa kichwani unishike mkono. Nikikohoa msianze kulia, subirini nimalize.

Mnajua shamba letu lilivyotutoka. Askari walikuja na malori, mimi bado bibi harusi, wakasema wanaliazima kwa mazoezi mafupi tu, eti sisi tutarudi shambani kabla mahindi hayajakauka. Nyinyi mkazaliwa, mkaota meno, wengine mkaota ndevu, mazoezi hayajaisha. Tukakaa kwenye nyumba hii ya kupanga, na kila mizinga ilipolia baba yenu aliweka kikombe chini akasema, "Hilo ni jiko letu limepigwa." Kesho yake, "Hilo ni banda la kuku." Kumbe walichokuwa wanakilenga ni choo chake, kile alichokijenga kwa mawe, peke yake, akikataa kusaidiwa. Siku waliporudisha shamba tulikwenda kuchungulia kutoka barabarani. Nyumba hakuna, jiko hakuna, mti hata mmoja hakuna, choo kimesimama wima na mlango wake! Jeshi zima, miaka yote ile, limelenga choo na kukikosa. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikalia, kwa sababu baba yenu alikuwa ameshatangulia, na hakuna mtu aliyestahili kukiona kile choo kama yeye.

Sasa, ardhi yenyewe imejaa makombora yaliyogoma kulipuka, ndiyo maana likaletwa lile tingatinga lisilo na mtu ndani, linalotafuna udongo kwa minyororo yake na kuyalipua. Nilipoambiwa binti yangu, huyu Dereva, ndiye analiendesha, nilitaka kumfungia chumbani. Aliponionyesha kwamba anakaa mbali kabisa, kwenye kibanda cha chuma, nyuma ya kioo kinene, ameshika rimoti, nikasema kumbe ni kazi aliyoianza hapa sebuleni, ya kutunyima wote televisheni.

Dereva alitueleza sote, tena kwa utaratibu. Kigingi cheupe maana yake hapa pameshasafishwa, pita. Chekundu maana yake ukikanyaga shauri yako. Mtoto wa chekechea angeelewa. Lakini wanangu wawili wakubwa, mmoja anashona suti za mawaziri, mwingine anafundisha hesabu, waliona vigingi vyeupe wakasema, "Mipaka hiyo!" Fundi akaenda jioni kuvisogeza upande wa Mwalimu ili apate nafasi ya karakana. Mwalimu akagundua, akavirudisha, akaongeza na hatua zake za ziada, eti fidia. Mkaendelea hivyo, leo huyu, kesho yule, mnatembea juu ya ardhi ambayo mashine haijaigusa, tena mnavipigilia kwa nyundo! Nyundo, jamani! Juu ya makombora! Nilibeba mimba zenu kwa tabu kubwa ili mje kugonga bomu kichwani?

Dereva alipokuta vigingi vyeupe mahali ambapo hajawahi kupita, aliuliza kwa upole ni nani aliyevigusa, nyinyi mkatazama viatu vyenu. Basi, kwa kuwa hakuna kigingi kilichoaminika tena, ikabidi tingatinga lirudi mwanzo, shamba zima. Na lilipofika pale pale mlipokuwa mnasukumana, ardhi ikapasuka. Vyombo vilidondoka kabatini humu ndani. Nilikimbia barabarani bila viatu, nikijua nimempoteza mwanangu. Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu. Nikafika, namkuta Dereva nyuma ya kioo chake anamenya karanga, minyororo ya mashine imetapakaa kila upande, na nyinyi wawili mmenyoosheana vidole kabla moshi haujatulia: "Ni yeye aliyekisogeza!" "Mama, yeye ndiye alianza!" Wanaume wazima, wenye wake. Tangu siku hiyo moyo wangu haujarudi mahali pake. Daktari anauita ugonjwa huu presha. Mimi nauita Fundi na Mwalimu.

Sikilizeni sasa, maana sauti inakwisha. Shamba ni la watatu, sawa kwa sawa. Dereva achague kwanza, na najua atachagua penye choo, kwa hiyo msikiguse, kipakeni chokaa. Hakuna mtu kuingia mpaka yeye aseme ingieni. Fundi, karakana itasubiri. Mwalimu, fidia umeshapata, uko hai.

Na mpaka kati yenu wawili... ngojeni, nivute pumzi... mpaka kati yenu wawili ni mimi. Nizikeni hapo katikati, kichwa kwa Fundi, miguu kwa Mwalimu. Nimeona hamheshimu kigingi. Tuone ni nani kati yenu atamsogeza mama yake.

Najua hapo bado ni pekundu. Ndiyo. Kaburi langu atalichimba Dereva kwa lile tingatinga, limeshafungwa minyororo mipya. Na wakati analichimba, mtaingia wote watatu kwenye kile kibanda chake, mbanane, bega kwa bega, nyuma ya kioo, mpaka amalize. Hapatoshi, nimepaona. Ndiyo maana nimepachagua.

Dereva mwanangu, usilie, siku hiyo utakosea kubonyeza rimoti... Nawapenda nyote, hata nyinyi wawili, nawapenda mpaka naumwa. Mungu awape udongo mwepesi, mvua ya kutosha, na watoto... watoto wanaofanana na nyinyi, ili mjue nilichokiona. Choo cha baba yenu... mlango wake ufungwe, upepo...

Nani huyo anavuta mto wangu wa kichwani? Mwalimu? Fundi, na wewe unauvutia wapi? Acheni. Hapa hapa panatosha. Nimesema... msinisogeze.