Mama Monisola na Viazi Alivyofungishwa

Wasikilizaji wapendwa wa Iseyin na vitongoji vyake, karibuni. Vuteni viti, punguzeni moto jikoni. Leo tunamkumbuka Awero Oyediji, yule ambaye wengi wenu mlimwita Mama Monisola. Amefariki Jumanne nyumbani kwake, nyuma ya soko, akiwa na miaka sitini na mmoja. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Mama Monisola, fundi wa kufunga mizigo ya harusi, ametutoka. Na nawaambia mapema, leo sikuja na sauti ya kubembeleza. Nimekasirika, na hasira hii nataka tuigawane.

Mji huu wote unajua kazi yake. Upande wa bwana harusi unapopeleka mizigo kwa kina bibi harusi, viazi vikuu, njugu za kola, chumvi, asali, mafuta ya mawese, nani alikuwa akiivalisha? Ni yeye. Alikaa kwenye mkeka, miguu kanyoosha, karatasi inayong'aa mapajani. Alikunja upana wa kidole mbele, upana wa kidole nyuma, hadi karatasi nzima ikawa marinda. Kisha akaizungusha kwenye kiazi, akaibana shingoni kwa utepe, na ile iliyobaki juu ikafunguka kama upepeo. Kiazi cha shambani, chenye udongo masikioni, kikatoka hapo kimependeza kuliko wageni.

Lakini alikuwa na sharti. Kichwa cha kiazi hakukifunika. Alikiacha wazi, kila kiazi, kila harusi. Binti yake, Monisola, alimuuliza akiwa mdogo kwa nini asimalizie. Mama akamjibu, "Mwanangu, mimi navisha, sifichi. Anayepokea lazima aone amepewa nini."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mji huu ulipomkosea.

Miaka saba iliyopita kulikuwa na harusi kubwa. Ilikuwa kabla tu ya viazi vipya, wakati ule ambao viazi vya zamani vimeshaota na ndani vimeanza kulainika. Mama wa bwana harusi alikuwa na ghala lililojaa viazi vizuri. Vizuri akavifungia humo, asubiri bei ipande. Kwa Mama Monisola akapeleka vibovu. Jina lake silitaji. Si kwa heshima, msinielewe vibaya. Monisola ameniomba nisilitaje, nami mgonjwa wa hasira namtii mfiwa.

Mama Monisola alivigusa, akavirudisha chini, akamwambia mwenyewe, mwanamke aliyekwisha kuhiji Maka: "Alhaja, hivi sivifungi. Vinanuka."

"Vifunge mpaka juu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Basi yule mwanamke, mkubwa kwake kwa miaka mingi, akafanya jambo ambalo mtu mzima mwenye haya hafanyi. Akapiga magoti. Mbele ya mwanamke mdogo kwake, kwenye mkeka uleule. "Awero, usiniaibishe kwa wakwe. Mwanangu huyu ni wa pekee."

Ndugu zangu, kwetu mkubwa akikupigia magoti hakuombi tena. Amekufunga kamba. Ukimwacha pale chini, laana ni yako na watoto wako. Mama Monisola akamwinua upesi, akakaa, akafunga. Marinda mpaka juu, vichwa vyote vimefunikwa. Monisola alikuwepo. Anasema mama yake alifunga akilia.

Siku ya harusi wanawake wakabeba mabeseni kichwani, wakaimba njia nzima. Yakatuliwa mbele ya wakwe. Msemaji wa upande wa bibi harusi, mama mwenye ulimi mnaoujua, akachukua kiazi kimoja, akakibonyeza. Kidole kikazama.

Akauliza, "Wakwe zetu, mmetuletea viazi au mmetuletea uji?"

Kicheko kikalipuka. Mama wa bwana harusi hakupepesa jicho. Akasema, "Mimi nilitoa viazi vya ghalani kwangu. Muulizeni aliyevifunga. Labda vizuri vimebaki kwake."

Yule yule aliyepiga magoti jana yake!

Watu wote wakamgeukia Mama Monisola. Angeweza kusema. Lakini bibi harusi alikuwa amekaa pale, amejifunika uso. Neno moja, na harusi imevunjika. Mama Monisola akaokota khanga yake akatoka. Harusi ikaendelea. Watu wakala, tena wakashiba.

Toka siku hiyo mkamwita Funika-Oza. Nasema mkamwita, msitazamane. Watoto walimwimbia njiani, na mama zao wakicheka kwenye vibaraza. Hakuna aliyempelekea tena hata kola ya kufunga. Kwenye harusi ya binti wa dada yake mwenyewe, alipokaribia mkeka ili asaidie, akaambiwa, "Dada, wewe kaa tu, kula wali." Fundi mzima, akapewa sahani ya wali akakae pembeni. Akaishia kukaanga akara, zile bajia za kunde, barabarani, na vile vidole vyake vikaungua kwa mafuta.

Monisola alimsihi aseme ukweli. Mama akamjibu, "Nikisema leo, nani ataamini? Na yule bibi harusi ana watoto wawili sasa. Waache walale." Jina lake zuri, kitu pekee alichokuwa nacho, likaoza nje yeye akilitazama.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Hii imechukua miaka saba, na mwenye haki amefia njiani.

Jana, msibani, kumefika gari. Kutoka kwa nani? Kwa yule yule. Ametuma viazi, vimefungwa marinda, na utepe mweusi. Monisola akatoka nje. Alivichania karatasi pale mlangoni mbele ya watu, kimoja baada ya kingine. Vilikuwa viazi vizima, vigumu, vizuri ajabu. Akamwambia dereva, "Mrudishie. Mwambie nimeona kwamba vizuri anavijua."

Hapo ndipo Bi Ranti, aliyebeba beseni siku ile ya harusi, alipoangua kilio. Akasema, "Tulinusa. Wallahi tulinusa toka nyumbani kwa bwana harusi, kabla hata havijapelekwa kufungwa. Sote. Na siku ya harusi tuliimba kwa nguvu ili tusisikie harufu."

Wasikilizaji wapendwa, narudia. Walijua. Waliobeba walijua kwamba vilitoka ghalani kwa mama wa bwana harusi vikiwa vibovu, wakaimba.

Mazishi ni Ijumaa, saa nne asubuhi. Kwa Monisola, kwa dada wa marehemu, kwa ukoo wote wa Oyediji, kituo hiki kinatoa pole za dhati. Mungu amlaze Awero mahali pema. Sisi tuliobaki, kila mmoja ajiulize ni jina la nani ameliimba vibaya kwa sababu wengine walikuwa wanaimba.

Familia inaomba kwamba atakayeleta chochote asikifunge. Na nyinyi mliobeba mabeseni siku ile, nyumba mnaijua. Mkifika mlangoni, Monisola hatawauliza mmeleta nini. Atawauliza mlinusa nini.