Muzee Aliyeonjewa

Kule Bigo, mjini Bunia, kuna benchi moja lililochoka kuliko wanaolikalia. Ni ubao tu juu ya matofali, mbele ya kibanda cha mama Honorine muuza kahawa, na kila asubuhi wanaume watatu hulikalia utadhani wameandikwa kazi pale. Wa kwanza ni Vital, anayeitwa Avoka, yaani wakili, kwa sababu alisoma sheria mwaka mmoja, mtihani ukamshinda, lakini vifungu anavitaja mpaka leo. Wa pili ni Aimé, dereva wa pikipiki, jina lake Radio, na sababu yake mtaisikia wenyewe. Wa tatu ni Josaphat, ambaye hata watoto humwita Shemasi, maana ni shemasi kweli, wa kanisa lile lile lenye Chuo Kikuu cha Bethania kule juu ya kilima. Palikuwa na wa nne, Gaspard, mchuuzi wa ng'ombe. Huyo walimzika miezi mitatu iliyopita, na nafasi yake kwenye benchi haikaliwi na mtu, ila Aimé huweka hapo kofia yake ya pikipiki.

Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa chungu, na maneno yalikuwa machungu zaidi. Élise, binti wa marehemu Gaspard, alikuwa ameitwa na baraza la nidhamu la Bethania saa nne kamili. Siku ya kumaliza matanga ya baba yake kuna mtu alimpiga picha, kikombe cha mandale kimegusa midomo, na mandale ni pombe ya mahindi, hakuna mtu Bunia asiyeijua. Mwanafunzi wa Bethania, siku ya kuandikishwa, huweka sahihi yake chini ya kanuni: asinywe kileo, asikionje. Msichana wa watu alikuwa amebakiza kutetea kazi yake ya mwisho tu. Wakimfukuza, hatapewa hata karatasi ya kuonyesha kwamba aliwahi kusoma, na ng'ombe wote ambao baba yake aliuza kwa miaka mitano watakuwa wamekwenda bure.

— Miye nasema ni wivu, Aimé alianza. Ule mutoto alikuwa na points kupita bote. Muntu wa auditoire yake, wa darasa moja naye, njo alituma ile photo.

— Radio, weye unaona karibu sana, Vital akasema. Mu droit, mu sheria, tunauliza: nani atapata faida? Iko nafasi moja ya assistant pale Bethania, banatafuta muntu mwenye akili. Basi iko mukubwa moja pale mwenye iko na mutoto ya dada yake. Banatoa Élise mu njia, nafasi inabakia. Kifungu makumi mbili na mbili.

— Kifungu ya kitabu gani?

— Ya kitabu yenye weye hautasoma.

Honorine alikuwa anapuliza makaa.  Huyu mama huwa na neno kwa kila mtu, lakini tangu habari ya ile picha ienee amekuwa mtu wa kupuliza makaa.

Josaphat naye alishika kikombe chake kwa mikono miwili, macho kwenye barabara. Alikuwa amevaa sweta ya mke wake wakati jua limeshatoka. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona Élise, akishuka na sketi yake ndefu na blauzi nyeupe, kichwa kimenyolewa cha msiba, bahasha mkononi. Alitamani apite upande wa pili. Élise hakupita upande wa pili. Alikuja mpaka mbele ya benchi, akapiga goti kidogo.

— Jambo, bapapa. Jambo, mama Honorine.

— Jambo, mwana yetu, wakaitika.

— Papa Shemasi, conseil inaanza saa ine. Banasema muntu mwenye aliniwekea signature ku barua ya kanisa yenye iliniingiza chuo anaweza kuingia, aseme neno.

— Nimesikia, mwana yangu.

— Saa ine banafunga mulango.

— Nimesikia.

Aimé hakuweza kunyamaza. Yeye akinyamaza anaumwa.

— Lakini Élise, weye uliambia bale bakubwa kama ulionjea muzee mumoja. Sasa juu ya nini haubaambie jina yake? Sema jina, bakuachilie, ukasome.

Élise aliitazama bahasha yake.

— Papa Aimé, jina ya muzee haiwezi kutoka mu kinywa yangu mbele ya batu. Baba alinifundisha vile. Yeye mwenyewe anajua njia ya Bethania.

Akaaga, akapanda kilima. Hakutazama nyuma hata mara moja, na Josaphat alimfuata kwa macho mpaka kona ya shule ya msingi.

Sasa tuseme lililo wazi, maana Honorine alikuwa analijua, Élise alikuwa analijua, na Josaphat alikuwa halali usingizi kwa sababu yake. Kwa watu wa pale, nyumba yenye matanga haikupi kinywaji hivi hivi. Binti wa nyumba akikumiminia, anaonja kwanza mbele ya macho yako, ujue hakuna ubaya ndani, ndipo unapokea. Siku ile mashangazi walikuwa wamekwisha kupanga: Élise yuko Bethania, asiguse kikombe, binamu yake Vanessa ataonja. Na Vanessa alionja mchana kutwa, chini ya turubai, mbele ya watu.

Lakini Josaphat hakukaa chini ya turubai. Shemasi akionekana na mandale, Jumapili jina lake linasomwa mbele ya kanisa, anavuliwa ushemasi, na meza ya Bwana anaitazama akiwa nyuma miezi sita. Kwa hiyo alikaa nyuma ya jiko, peke yake, kwenye kigoda. Élise alimwonea huruma: rafiki ya baba, amekaa na kiu yake kama mgeni asiyejulikana. Akampelekea kikombe mwenyewe. Na Josaphat, badala ya kushukuru, akakumbuka maneno ya mtaani, kwamba Gaspard hakuuawa na ugonjwa, aliuawa na sumu, tena ya hapo nyumbani.

— Onja kwanza, akamwambia.

— Papa Shemasi, munajua nilitia signature. Barua yangu ni ninyi mwenyewe muliandika.

— Onja. Ao muliniwekea kintu humu?

Basi. Ukiulizwa hivyo katika matanga ya baba yako, na mama yako yuko pale jikoni anasikia, utafanya nini? Ukikataa umekubali kwamba nyumba yenu inaua watu. Élise akaonja. Kwenye ua wa miti kulikuwa na mtu na simu yake, na mpaka leo hajulikani ni nani. Honorine alikuwa amesimama pale pale na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya mihogo.

Benchi nalo halikungoja. Kahawa ya pili ilipomiminwa, wivu wa wanafunzi ulikuwa umeshasahaulika.

— Mujue, Vital akasema, akishusha sauti, ile Bethania inalishwa na bazungu. Kila mwaka banapaswa kutuma rapport: tulifukuza bangapi. Bakifukuza kidogo, bazungu banasema, hii kanisa imelala. Kwa hiyo banatafuta batu ya kufukuza. Mwaka jana ilikuwa suruali ya bibi moja. Mwaka huu ni mandale.

— Avoka, weye umebakia chini, Aimé akasema. Ile photo haikupigwa na simu. Angalia.

Akatoa simu yake. Picha ilikuwa imeshazunguka kila kundi la WhatsApp pale mjini, mpaka kundi la wauza mihogo. Ilionyesha uso wa Élise, kikombe, na pembeni mkono wa mtu umenyooshwa kungoja, mkono wa koti la kijivu.

— Unaona vile inatoka juu? Ile ni drone. Siku ile niliisikia, zzzz, juu ya turubai. Miye nilifikiri ni nyuki.

— Drone ije mu matanga ya Gaspard kufanya nini?

— Kuhesabu bikombe. Kampuni ya bia ya chupa njo inatuma. Banataka mandale ikufe, tunywe yao. Banaanza na batoto ya universite, kiisha banashuka kwa siye. Ukiona vile banafanya, kesho hata kahawa ya Honorine itaitwa kosa.

Vital alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akaitwaa simu, akaikuza ile picha kwa vidole viwili.

— Miye kintu yenye inaniuma iko ingine. Ile kitabu yao ya kanuni niliisoma yote. Inakataza suruali, inakataza kucha ya rangi, inakataza kusimama na kijana nyuma ya bibliothèque, nyumba ya bitabu. Kurasa makumi ine. Juu ya muntu mukubwa haina hata mustari moja.

Hapo kwa mara ya kwanza asubuhi ile Avoka alikuwa amesema kweli, na hakujua.

— Na hii koti, Aimé akasema, akichungulia. Ni ya kijivu, na kifungo ya kahawia. Shemasi, weye pia si uko na koti ya vile? Siku hizi hauivai.

— Nusu ya Bunia iko na koti ya kijivu, Josaphat akajibu. Zinatoka mu balo moja ya mitumba.

— Sijakataa. Nimeuliza tu.

Josaphat alisikia jasho likimtembea ndani ya sweta. Koti lilikuwa chini ya godoro, na mke wake alikuwa ameuliza mara mbili limekwenda wapi. Alijiambia maneno aliyokuwa anajiambia wiki nzima: kwamba Mungu anaona moyo, kwamba msichana ni kijana na atapata chuo kingine, kwamba yeye ana miaka hamsini na minane na hana kitu kingine duniani ila lile jina la Shemasi. Alijua ni uongo kuhusu chuo kingine. Ile ya jina ilikuwa kweli, nayo ndiyo ilikuwa inamwua.

Ndipo alipofika mtu wa nne. Alikuwa Jérôme, mchuuzi wa samaki kutoka Kasenyi, kule chini ziwani, na vikapu viwili vinavyonuka chumvi. Aimé alitakiwa kumpeleka sokoni. Jérôme hakujua desturi za benchi lile: alichukua kofia, akaiweka chini, akakaa mahali pa Gaspard. Wote watatu walimtazama. Hakuna aliyemwambia ainuke.

— Kahawa moja, mama, akasema. Munasumbuka na nini? Nilisikia sauti yenu tangu kule barabarani.

Aimé akamweleza yote, kwa haraka, na drone akaiweka ndani. Jérôme akasikiliza huku akipuliza kikombe chake. Alikuwa mtu wa maneno machache.

— Nimesikia, akasema. Na ule muzee mwenye alionjewa, yeye anasema nini?

Josaphat akainamia kikombe chake.

— Si iko muzee? Jérôme akauliza tena, akidhani hakueleweka. Mutoto alionja, akapatia muntu kikombe. Ule muntu akakunywa. Yeye iko wapi leo?

Vital alifungua kinywa, akatafuta kifungu, hakukipata. Aimé alitazama simu iliyokuwa bado imewaka mkononi mwa Vital, ule mkono wa kijivu umejaa kioo kizima. Kisha akatazama sweta ya mwanamke juu ya Shemasi, saa tatu na nusu, kwenye jua. Mdomo wa Radio ukafunga wenyewe.

Honorine akainua birika. Lilikuwa limebaki na kikombe kimoja tu. Alikimimina taratibu, akaja nacho mpaka mbele ya Josaphat, lakini hakumpa. Alisimama pale, akakipeleka kwenye midomo yake mwenyewe, akanywa funda moja huku anamtazama usoni. Ndipo akakinyoosha kwa mikono miwili, akipiga goti kama binti wa nyumba.

— Pokea, Shemasi. Nimeonja.

Josaphat akapokea. Angefanya nini.

Aimé aliokota kofia yake chini. Hakuiweka kichwani kwake. Aliishika mbele ya Josaphat, na sauti yake ilitoka ndogo, sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

— Panda, Papa Shemasi. Hii samaki ya Kasenyi itangoja. Ni dakika tano. Bure, haulipi.

— Tutangoja, Jérôme akasema, bila kujua anangoja nini.

Kule juu ya kilima kengele ya Bethania iligonga mara moja, ile ya kuambia watu wajikusanye; ya pili ni ya kufunga mlango. Honorine alikuwa ameshamwaga majivu na anafuta meza. Vital alitazama miguu yake. Mkono wa Aimé ulianza kuchoka na ile kofia, lakini hakuushusha.

— Nakuja, Josaphat akasema. Muniache kwanza nimalize kahawa.

Kengele ikagonga mara ya pili, na kikombe kilikuwa bado kimejaa.