Bi Mize binti Mfaume na Talaka Aliyoidai kwa Ajili ya Mbuzi

Wasifu uliosomwa Chole na mdogo wake, Mbaraka bin Mfaume, siku ya kuondoa matanga.

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeumba kilio akaumba na kicheko, na marehemu huyu akamjaalia vyote viwili bila kumpunja.

Bi Mize alizaliwa Ndagoni, Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa Rajabu, mwaka 1281, mtoto wa kwanza wa Mzee Mfaume bin Shamte na mkewe, Bi Arafa. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alizaliwa akilia kama watoto wote, ila yeye alisahau kunyamaza mpaka Jumapili.

Alisoma chuoni kwa Mwalimu Jabir, palepale Ndagoni. Siku walipoelezwa kisa cha Nabii Yusufu kutumbukizwa kisimani na nduguze, alilia mpaka chuo kizima kikalia naye, na mwalimu ikambidi awaruhusu watoto kabla ya adhuhuri. Kesho yake, wale ndugu walipoaibika, alicheka hata akaangusha marufaa ya kuwekea msahafu. Pamoja na hayo alihitimu Kurani akiwa na miaka kumi na miwili, na sauti yake ya kusoma ilikuwa nzuri.

Kazi yake ilikuwa mikeka. Alifundishwa na bibi yake kusuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu, na kuushona mpaka ukawa mkeka. Kwa rangi hakuwa na mpinzani. Kasoro ilikuwa moja: siku ya hasira alikaza mno, siku ya furaha alilegeza mno, na vipande hivyo vikishonwa pamoja mkeka unafanya vilima. Wanunuzi waliomjua walitaka kuulalia kwanza ndipo waseme bei, na wengine waliinuka wakicheka.

Wachumba hawakuwa wengi, maana sifa zake zilivuka maji. Mwaka 1301 aliposwa na Muhidini bin Matano wa Chole, mchimba visima, mtu aliyezoea kushinda chini ya ardhi bila kusema na yeyote. Watu wa Ndagoni walifurahi sana: aliyemlilia Yusufu kisimani kaolewa na mwenye visima. Walikaa vizuri, wakapata Hemedi na Mwanaharusi. Marehemu alisema ya wote wawili, na mumewe alinyamaza ya wote wawili.

Hapa inalazimu kisa cha mbuzi kisemwe, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliusia kisifichwe.

Mwezi wa Mfunguo Nne, mwaka 1314, mbuzi wake mmoja, aliyemlea kwa mkono tangu mamaye afe, alitumbukia katika kisima ambacho Muhidini alikuwa hajakifunika, akafa. Bi Mize alilia siku tatu. Hakupika, hakusuka, na kila jirani aliyekuja kumpa pole alisikia upya habari za kisima kisichofunikwa. Siku ya tatu Muhidini akatoa neno lake la kwanza: ni mbuzi tu. Bi Mize alisimama mbele ya mama mkwe wake, Bi Mwanahalima, na mbele ya majirani, akamwambia mumewe kwamba kama moyo wake ni jiwe, basi na amwache. Muhidini alimtazama.

"Nimekuacha," akasema. "Talaka moja."

Akachukua sururu yake akatoka. Kilio kilikatika palepale. Kwa miaka kumi na mitatu Bi Mize alikuwa amezoea kusema na kusahau, asijue kwamba mwenzake anasikia na kuweka.

Talaka moja ina mlango wa kurudi. Mume aweza kumrejea mkewe kabla eda haijaisha, ile miezi mitatu hivi ya kungoja. Ikiisha, mlango umefungwa mpaka kwa ndoa mpya. Bi Mize alibaki nyumbani pamoja na mama mkwe, Muhidini akahamia kwa ndugu yake. Na Bi Mize alimtaka mumewe. Alimtaka asubuhi, akamchukia adhuhuri, akamtaka tena alasiri, na mikeka ya siku zile haikununuliwa na mtu.

Bi Mwanahalima, Mungu amrehemu naye, ndiye aliyemponya. Hakumwambia ajikaze, wala awe kama wanawake wenziwe.

"Mwanangu, hasira ni mgeni," alimwambia. "Ikibisha hodi ikaribishe, uiulize imetoka wapi. Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Bi Mize hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu. Majirani walimsikia uani akimkaribisha mgeni wasiyemwona, akimwambia aketi kitako, akimwuliza katumwa na nani. Wakadhani talaka imempanda kichwani. Lakini mara nyingi ilidhihirika kwamba hasira ile ilikuwa imetumwa na huzuni, au na woga. Isiyotaka kuondoka aliipeleka nyuma ya nyumba kwenye muhogo, wakalima pamoja. Mwaka ule Chole hakukuonekana muhogo kama wake.

Zikabaki siku nne eda iishe. Muhidini akaja mchana kuchukua kamba yake ya kisimani. Bi Mize alimsemesha kutoka mlango wa jikoni, bila kulia.

"Baba Hemedi, nina mambo matatu. Nina hasira kidogo, kwa kile kisima. Nina huzuni, kwa mbuzi wangu. Na ninaogopa, maana zimebaki siku nne, nami nakutaka."

Muhidini akaiweka kamba chini.

"Mimi nina hasira tangu Idi," alisema. "Ulimhurumia mzee mpita njia ukampa kanzu yangu mpya, nikaenda kusali na nguo ya kuchimbia. Sikusema. Nilidhani nikinyamaza itaisha."

Bi Mize alikuwa amesahau kabisa habari za kanzu. Alimwomba radhi, akamwambia kwamba miaka yote hiyo alidhani mgonjwa ni yeye peke yake. Muhidini akamwita mama yake na jirani mmoja waje washuhudie, akasema, "Mke wangu, nimekurejea." Kigelegele alichopiga Bi Mwanahalima kilisikika ng'ambo ya Ghuba ya Chole, na waliokisikia bado wako.

Walikaa tena miaka kumi na saba, akazaliwa Zubeda. Bi Mize hakupungua hata kidogo. Aliendelea kulia harusini na kucheka mahali pasipotakiwa, ila sasa alijua ni nini kilichomshika, na alikisema mapema. Mikeka yake ikalala sawa, isipokuwa ule aliousuka wiki ya ndoa ya Mwanaharusi, ambao bwana harusi alijikwaa nao. Muhidini naye alijifunza kusema ya moyoni, lakini ndani ya nyumba tu. Nje alibaki bubu yuleyule.

Mwezi wa Mfunguo Sita mwaka huu, baada ya kulowa na mvua, marehemu alishikwa na kichomi. Aliwaambia wanawe waziwazi kwamba anaogopa, akaomba wakae karibu naye, nao wakakaa. Alifariki Jumanne alfajiri, siku ya tisa ya Mfunguo Saba, 1331, mwaka ambao Wadachi wa bomani wanauita 1913. Alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Ameacha watoto watatu, Hemedi, Mwanaharusi na Zubeda, wajukuu wanne, mdogo wake aliyeachiwa kazi ngumu ya kusoma haya, na mumewe. Juzi makaburini, watu walipomaliza kufukia, Muhidini, ambaye hapa Chole hakuna aliyewahi kumsikia akisema mbele ya kadamnasi, alisimama upande wa kichwa cha kaburi.

"Nina huzuni," alisema. "Nina hasira kwamba ametangulia yeye. Na nina furaha kwamba nilimrejea."

Kisha akalia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Mola ampokee Bi Mize kama alivyo, na huko aliko ampe raha na utulivu. Amina.