Nyumba ya Mama Kule Parklands

Pale Dagoretti Corner, nyuma ya duka la betri za magari, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni jiwe. Njambi huweka birika lake hapo alfajiri, na kahawa yake ndiyo inayowaketisha wanaume wazima asubuhi nzima bila haya. Jumamosi hiyo walikuwa watatu. Ndegwa, anayeitwa Jaji, kwa sababu aliwahi kumshtaki jirani juu ya kuku, akashindwa. Norman, anayeitwa Mipango, na sijaona mpango wake hata mmoja uliofika mahali. Na Kitheka, ambaye siku zote ndiye mchokozi wao, lakini leo simu ameizima na kahawa imempolea mkononi.

— Anza tena polepole, Jaji akasema. Nani amekuja?

— Dadangu Mukonyo, Kitheka akajibu. Ametoka Kitui na mzee wetu, baba. Wanaenda kumwona mathe kwa ile keja ya Parklands.

— Na mathe hayuko huko.

— Si unajua mathe ako hapa nyuma kwangu, kwa ploti.

Walijua, na walikuwa wamenyamaza nalo muda wote huo. Mama Kitheka alipougua figo, watoto wake walikaa chini wakachanga, wakamkodishia vyumba viwili Parklands, hatua chache kutoka hospitali anakosafishwa damu. Kitheka, kwa kuwa ndiye wa Nairobi, akaandikisha nyumba kwa jina lake mwenyewe. Mwanzoni alikuwa mtoto mwema kabisa. Halafu akaonjeshwa pesa za wageni wa kulala siku mbili tatu, tamaa ikamkalia kichwani. Akamwambia mama ahamie kwake ploti, kidogo tu. Hiyo kidogo tu imemaliza mvua za masika, na mama bado anapanda ngazi za ploti akipumzika kila ghorofa. Ndugu wanaendelea kutuma kodi. Aibu hiyo, jamani, mtu anaibebaje?

— Hii ni kitu ndogo, Mipango akasema. Waambie keja inapakwa rangi.

— Mukonyo ataingia aiguse hiyo rangi.

— Basi toa mgeni. Mrudishie pesa yake.

— Hiyo doo nilishakula.

Jaji akakohoa, akaweka kikombe chini. Akikohoa hivyo, ujue sheria inakuja.

— Kwa sheria, mama hajahama. Agrimenti inasema nani anakaa huko? Yeye. Sasa hata akilala Rongai, sheria inamhesabu yuko Parklands. Huyo mgeni ndiye hayuko.

— Hayuko na amelala kwa kitanda? Njambi akauliza.

— Kwa sheria, hayuko.

— Wacha sheria, Mipango akamkata. Kitheka, mgeni wako si ni yule dada wa Bungoma, ameleta mamake hospitali? Safi. Tunampeleka mathe wako saa hii na teksi, anaingia kama ametoka tu soko. Yule mama mwingine tunasema ni nesi.

— Nesi mgonjwa?

— Kwani manesi hawaugui? Na yule dada tunasema ni wa kanisa. Wanaomba pamoja. Mzee akiona maombi, hawezi uliza maswali.

— Na akiuliza?

— Wanaanza wimbo.

Jaji alicheka mpaka akajimwagia kahawa. Kitheka naye alijaribu, kicheko kikakataa kutoka.

— Wewe Kitheka, Njambi akasema, na mama mwenyewe anasemaje?

— Hasemi. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Jana alikosa kliniki. Aliniambia ni mvua.

— Jana haikunyesha.

— Najua.

Kitheka alitamani mama yake angemtukana, angemlaani hata, kwa sababu ule upole wake ulikuwa unammaliza. Kila usiku alijiambia mwezi ukiisha anamrudisha. Mwezi ukiisha kunakuwa na mgeni mwingine.

Bodaboda ikasimama kando ya benchi. Akashuka mwanamke amefunga leso kiunoni, akawatazama mmoja mmoja.

— Hamjambo. Namtafuta Kitheka. Mimi ni Namalwa, nimekodi kwake kule Parklands. Simu haishiki, na mlinzi wa geti kule ameniambia huwa anakunywa kahawa hapa.

— Ni mimi, Kitheka akasema, na akabaki amekaa.

— Kaka, kuna watu wako wamekuja. Dada na mzee. Nimewafungulia, nimewapikia chai. Dada akaniuliza mimi ni nani, nikamwambia ni mpangaji wa wiki. Ameenda hospitali kumuulizia mama, akapiga simu kwa mlinzi akisema mama jana hakuonekana huko.

— Na mzee?

— Mzee amebaki. Chai hajagusa, anasema atakunywa na mkewe. Halafu akaingia bafuni. Kuna ile chuma ya kushikilia, kando ya bomba. Anasema ni yeye aliifunga mama alipohamia.

— Ni yeye, Kitheka akasema.

— Ameona imelegea. Ametoa bisibisi kwa mfuko wa koti, amepiga magoti pale kwa maji, anaikaza. Amekataa nimsaidie. Anasema mama asije akaanguka. Nimemwacha hapo.

Njambi akaweka birika chini. Jaji alikuwa anaangalia viatu vyake, na Mipango alikuwa ameshika kikombe kitupu kana kwamba kina kitu.

— Sasa mimi nimekuja kuuliza tu, kaka. Nikirudi, nimwambie aendelee, mama anarudi, ama nimwambie aache?

Kitheka akageuka, akaangalia ngazi za ploti. Namalwa alingoja. Mwenye boda naye alingoja, injini ikinguruma, kwa sababu alikuwa ameambiwa ni swali moja tu na wanarudi.