Mguu wa Kulia wa Mwalimu Tangen

Alhamisi hii, tarehe sita Juni, Mwalimu Orville Tangen anakabidhi funguo za gari la mafunzo, baada ya miaka thelathini na mitano katika Shule ya Sekondari ya Harlow Heights. Mkuu wa shule alitaka haya yaandikwe na mtu wa idara ya lugha. Mwalimu Tangen mwenyewe akasema hapana, aandike mpishi. Mpishi ni mimi, Dolores Pruski. Nawalisha bwaloni huu mwaka wa ishirini na nne, na shule yangu iliishia darasa la nane. Mkiona kosa la uandishi, nyamazeni mle.

Alikuja Agosti 1989, kijana mwembamba wa huko kaskazini kwenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa, wanasema viatu vyake vilikuwa na matope mpaka siku ya kikao cha kwanza. Asubuhi alifundisha afya darasani, mchana akafundisha udereva. Amemaliza magari manne, na hili la rangi ya fedha lenye kibao cha njano juu ndilo la mwisho. Watoto waliopita mikononi mwake wanakaribia elfu tatu. Nusu ya mji huu inaendesha kama alivyofundisha yeye, na nusu iliyobaki ni wale wanaotupigia honi.

Mkuu wetu wa shule, Bi Renata Oakes, alikuwa mwanafunzi wake. Somo la pili tu, alirudi nyuma akaugonga mlingoti wa bendera. Bado umeinama kidogo, nendeni mkautazame. Mwaka mwingine kijana mmoja alipotea njia akaingia uwanja wa bendi, katikati ya mazoezi. Bendi haikuacha kupiga. Waligawanyika pande mbili, gari likapita polepole, wakaungana tena. Mwalimu Tangen alikuwa kwenye kiti chake anamenya yai.

Yai hilo mnalijua. Kila siku saa tano na nusu alifika dirishani kwangu kuchukua mayai mawili ya kuchemsha, na chumvi kwenye kikaratasi. Aliyamenya garini huku mtoto ameshika usukani. Watoto walisema ukiona yai linamenywa, uko salama. Likisimama kumenywa, mwombe Mungu.

Na walisema jambo jingine, ambalo limenisumbua mimi miaka na miaka. Gari la mafunzo lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Watoto waliapa kuwa ya Mwalimu Tangen haifanyi kazi, kwamba aliikata waya zamani, anaendesha kwa moyo mkavu tu. Ushahidi wao ulikuwa ule mlingoti. Pia hakuna mtoto aliyewahi kuuona mguu wake ukisogea. Mimi ni mdadisi, sikatai. Nilimuuliza, akatia chumvi kwenye yai. Nilimuuliza tena mwaka uliofuata. Akaniuliza kama kuna kahawa.

Sasa nitaeleza mambo yangu kidogo, msinikatize, maana ndipo alipo yeye.

Oktoba iliyopita mume wangu Kaz aliambiwa na daktari wa macho aachane na usukani. Kwa miaka yote hii yeye ndiye aliyenileta saa kumi na moja alfajiri. Mimi nawasha majiko saa kumi na moja na nusu, na basi la kwanza linapita saa moja. Nilikuwa na miaka sitini na sita na sijawahi kushika usukani hata wa trekta. Marcy wa kuosha vyombo alijitolea kunipitia mpaka shule ifungwe Juni, kisha anahamia kwa bintiye. Baada ya hapo, ama niwe na leseni, ama niache kazi. Siku hizo hizo bodi ya shule ikaamua kuufuta mpango wa udereva. Watoto waende kwenye shule za kulipia, gari liuzwe, Mwalimu Tangen apumzike. Tukawa wawili tunaoitazama Juni ile ile.

Alikuja dirishani akapokea mayai yake, akasema mchana huu hana mtoto. Nivue aproni.

Tulianza Februari, kwenye theluji. Nilimwambia ni wazimu kuanza na barafu. Akasema anayejifunza kwenye barafu, lami itamtii. Tulizunguka maegesho ya walimu, tukaenda mtaa wa kanisa, tukafika mpaka barabara ya duka la aiskrimu. Hakunipandishia sauti hata siku moja, na mimi nilimpandishia kila siku. Kila penye alama ya kusimama nilisimama kama bi harusi mlangoni pa kanisa, taratibu, pale pale mstarini. Niliringa jikoni mpaka Marcy akasema atashuka niendeshe mimi.

Aprili nikaenda kufanya mtihani, kwa gari la Kaz. Alama ya kwanza ya kusimama, nikakanyaga kama nilivyozoea. Gari likaupita mstari, likaipita alama, likasimama katikati ya njia panda. Mtahini alikuwa msichana wa umri wa mjukuu wangu. Aliandika kitu, akasema, "Mstari tumeshaupita, bibi."

Nilifeli. Jioni nzima Kaz alisugua miwani ambayo haimsaidii tena.

Asubuhi yake nilimkuta Mwalimu Tangen kwenye maegesho anafuta vioo. Nikamwambia afungue milango yote miwili ya mbele. Nikapiga magoti, magoti haya haya yenye vyuma, nikaitazama breki ya mwanafunzi. Mpira wake ulikuwa umelika kidogo tu, mistari bado inaonekana. Nikazunguka upande wake. Mpira ulikwisha zamani. Kilichobaki ni chuma kitupu, kinang'aa kama upawa wangu wa supu.

"Mwizi wewe," nikamwambia. "Umeniibia breki wiki sita."

Hakukana. Aliweka kitambaa chini akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi, maana hakuwahi kumwambia mtu. Siku za kwanza mtoto anakanyaga kwa woga, na yeye anaongeza kidogo upande wake, kidogo sana, mpaka gari linasimama vizuri. Mtoto anadhani ni yeye. Akishauamini mguu wake, Mwalimu anapunguza, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka siku ya nne au ya tano hagusi kitu. Mtoto anaendesha peke yake wala hajui ilianza lini. Ndiyo maana hamkuuona mguu ukisogea. Macho yenu yalikuwa kwenye yai. Siku ya Renata na mlingoti, aliyekuwa analitazama yai ni Mwalimu mwenyewe, ndiyo maana tangu siku ile akajifunza kumenya kwa vidole tu.

Nikamuuliza basi mbona kwangu hakupunguza.

"Mtoto akifeli anarudi baada ya wiki mbili," akasema. "Wewe una Kaz nyumbani, na mimi namaliza Juni. Kila nilipotaka kuuondoa mguu, uligoma. Niliogopa, Dolores."

Miaka ishirini na minne namjua, na huo ndio uoga wake wa kwanza niliousikia. Sikumwonea huruma. Nilimwambia uoga wake umenifelisha mimi, si yeye, na kama anataka kunisaidia akakae kiti cha nyuma.

Akaenda kweli. Mtu mzima mwenye magoti marefu, amejikunja nyuma na mayai yake mawili, kiti cha mbele kitupu. Siku ya kwanza niliipita mistari mitatu, na mara ya tatu pua yake ikagonga kiti changu. Aliokota maganda ya yai. Siku ya pili niliupita mmoja. Wiki nzima tuliendesha hivyo, na kwenye kioo nilimwona amefumba macho kila tukikaribia alama. Jumatatu iliyofuata nikatupa jicho kwenye kioo, nikaona macho yako wazi, anatazama nyumba za watu dirishani.

Mei kumi na nne nilirudi kwa msichana yule yule. Alama ya kwanza, gari lilisimama mstarini, na mguu uliolisimamisha nilikuwa naujua ni wa nani. Tangu siku hiyo nakuja kazini mwenyewe. Kaz anaamka kunifungulia mlango wa gereji, anasema ni kazi yake sasa.

Kwenu bodi ya shule: mmesema mpango huu haukuwa na matokeo yanayopimika. Mngekwenda kukipima kile chuma. Kabla gari halijauzwa, nimemwomba Bi Oakes aing'oe ile breki aitundike karibu na mlango wa maegesho, watoto waulize ni nini. Amekubali, kwa sababu ya ule mlingoti.

Mwalimu Tangen, asante kwa watoto wetu wote waliofika nyumbani. Pumzika vizuri na mkeo Lorraine, mle samaki wa Ijumaa, na afya ikae nanyi. Ijumaa hii nitawapitia mimi saa kumi na moja jioni twende kula samaki hao, Kaz atakaa nyuma na Lorraine, wewe utakaa mbele. Gari letu halina breki upande huo. Lorraine ameniambia kwamba hata akiendesha yeye unakanyaga sakafu. Nimenunua zulia nene nikaliweka hapo miguuni pako. Kanyaga unavyotaka.