Miiko ya Masouda

Barazani kwa Suud, nyuma ya soko la Matrah huko Maskati, wanaume waliotoka Unguja baada ya mapinduzi walikutana kila siku, kahawa ikizunguka kutoka dele moja. Hapakuwa na jambo duniani lililowashinda isipokuwa kupata kazi. Suud aliuza mchele, wakamwita Punje. Mahfoudh walimwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Yaarub alikuwa Daktari: huko Unguja alikuwa bawabu wa hospitali, na kwa maelezo yake mwenyewe, elimu yote ilipita mlangoni pake. Thani hakuwa na jina la utani. Yeye alikuwa msikilizaji, na hilo ndilo lililomponza.

Mkewe Masouda hukunjika kwa maumivu kila anapoingia katika siku zake. Mwezi uliopita binamu yake, Muhsina, aliyefika karibuni kutoka Unguja, alimpa maneno ya daktari wa Kichina wa huko: siku hizo asile vya baridi, anywe supu ya kuku na tangawizi, akishatwahirika ale maini na mayai arudishe damu. Masouda alimwomba mumewe kuku na tangawizi, basi. Thani, badala ya kwenda sokoni, alianzia barazani kutaka fatwa. Tangu hapo kila akirudi nyumbani alirudi na mwiko mpya.

Mwezi huu siku zimerudi, na asubuhi Masouda alimwambia wazi:

— Ukinikataza kitu kimoja zaidi, nnakwenda zangu kwa kaka yangu.

Thani alimpenda mkewe, na maneno yale yalimtia hofu kubwa. Ndiyo maana adhuhuri ilimkuta barazani tena, na alasiri ikamkuta hapo hapo.

— Jamani, samaki tumeshamkataza. Leo nipeni kitu cha kumruhusu.

— Samaki kakaa majini umri wake wote, alisema Daktari. Atakuwaje na moto? Mchina hasemi moto wa jiko, yakhe. Asema moto wa asili ya chakula.

— Basi wali, alisema Punje upesi.

— Na mpunga waota wapi? Majini! Wali na samaki ndugu moja.

— We Daktari, wanifungia duka!

— Sifungi duka lako. Nalinda uzazi wa watu.

— Nimesikia, alidakia Redio, Uchina mwanamke akila tango siku hizo, damu huganda ikawa barafu.

— Umesikia wapi?

— Nimesikia.

— Na kuku? aliuliza Thani. Muhsina kasema supu ya kuku.

— Kuku wa Uchina huyo! alisema Daktari. Wa kwao anatembea kwenye theluji, moto wake kauficha ndani. Huyu wetu wa Matrah kutwa yuko juani mdomo wazi, moto wote ushamtoka. Baridi kuliko pweza.

Thani alitafuta kosa katika maneno hayo, hakuliona. Kuku naye akaenda zake.

— Tangawizi je?

— Tangawizi moto, kweli. Lakini Maskati nayo moto! Moto juu ya moto, wallahi utakuta majivu kitandani.

— Nna tende nzuri, alisema Punje kwa sauti ya kuomba. Tende moto, kila mtu ajua.

— Zimekaa ubavuni mwa mchele wako. Zishaambukizwa.

— Mayai? Maini?

— Hayo ni baada ya siku, alisema Daktari.

— Basi nimwekee ya baada ya siku.

— Baada ya siku hizi ni kabla ya siku nyingine, alisema Redio. Hapo ndipo penye hatari.

Wote wakatikisa vichwa, maana neno lilikuwa zito na hakuna aliyelielewa.

Ndipo akatokea Majid, kaka yake Masouda, ametoka kwake uchochoro wa pili. Baraza likanyamaza ghafla; kumjadili mwanamke mbele ya kaka yake ni aibu, ingawa nyuma yake walikuwa wamefika hadi kwenye damu. Alisalimu, akakataa kahawa.

— Thani, dadangu yuko kwangu tangu adhuhuri, alipojua umerudi hapa barazani. Kanywa supu ya kuku na tangawizi, sasa kalala. Akiamka ataniuliza kama arudi. Niambie, shemeji, nyumbani kwako aruhusiwa kula nini?

Thani alimtazama Daktari. Daktari alimtazama Punje, na Punje akayatazama magunia yake. Thani alipekua kichwani chungu baada ya chungu, asipate hata tonge. Aliona haya kwelikweli: mwezi mzima amelizungumza tumbo la mkewe na watu hawa, na yeye hajamuuliza mkewe mwenyewe hata mara moja.

— Maji ya moto, alijaribu Redio.

— Yasizidi, alisema Daktari.

Majid aliwatazama mmoja mmoja.

— Haya, alisema. Nitamwambia abaki.